Kufunga Kamera Kwenye Darubini: Kila Kitu Kinategemea Milimita 55

Lalamiko linalosikika zaidi kwa watu wanaofunga kamera kwenye darubini kwa mara ya kwanza ni moja. Kila kipande kimeingia mahali pake, skrubu zimekazwa, kamera imewaka, lakini Mwezi unakataa kuwa mduara safi. Unazungusha kirungu cha fokasi mpaka mrija unagota, na kwenye skrini bado kuna donge la mwanga lisilo na ukingo. Wengi hapo huamua kwamba darubini ni mbovu au adapta ni feki. Mara nyingi hakuna kilicho kibovu. Sensa ya kamera, kile kibamba kinachopokea mwanga, iko nyuma mno ya mahali ambapo darubini inakusanya mwanga wake, na mrija wa fokasi umeishiwa nafasi ya kuingia ndani.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kamera gani ni nzuri, chukua rula. Darubini nyingi zinazowafikia watu wa Nakuru, Kisumu na Kakamega ni zile ndogo za vioo, za Newton, zenye kipenyo cha milimita 114 au 130, na hizo ndizo zinazosumbua zaidi kwa jambo hili.

Mlolongo wa vipande

Darubini ikitolewa lenzi ya jicho inakuwa lenzi moja kubwa ya kamera. Kamera nayo inavuliwa lenzi yake, na sensa inawekwa palepale mwanga unapokutana. Kati ya mwili wa kamera na mrija wa fokasi kunahitajika vipande viwili tu: ringi ya T, na pua inayoingia kwenye mrija.

Ringi ya T upande mmoja ina mdomo wa kamera yako, uwe Canon EF, Nikon F, Sony E au nyingine. Upande wa pili ina meno ya skrubu ya kipimo kimoja dunia nzima: kipenyo cha milimita 42, na nafasi ya milimita 0.75 kutoka jino hadi jino. Watengenezaji wamekubaliana kwamba kutoka bega la meno hayo hadi kwenye sensa pawe na milimita 55, kamera iwe ya aina yoyote. Canon EF yenyewe ina milimita 44 kutoka mdomoni hadi kwenye sensa, hivyo ringi yake ina unene wa milimita 11. Nikon F ina 46.5, ringi yake ni 8.5. Kamera zisizo na kioo ndani ni fupi zaidi: Sony E ina milimita 18, Canon RF ina 20. Mtu anaweza kudhani kwamba ufupi huo utamsaidia kusogea karibu, lakini ringi ya T ya Sony E imerefushwa hadi milimita 37 na ya Canon RF hadi 35, ili jumla ibaki 55 ileile. Faida ya kamera hizo utaipata tu ukitumia adapta fupi ya pekee, isiyofuata kipimo cha T.

Kuna mtego mmoja kwenye meno hayo. Lenzi za zamani za Praktica na Pentax zilikuwa na skrubu ya milimita 42 pia, ila nafasi ya jino hadi jino ni milimita 1 kamili. Kwa macho zinafanana. Ukijaribu kuzifunga pamoja, ringi inaingia mzunguko mmoja au miwili kisha inakwama, na ukilazimisha unakula meno ya alumini. Ukimpelekea fundi wa jua kali mwenye mashine ya leithi akuchongee pua, na mafundi wa namna hiyo hawakosekani Nakuru wala Kisumu, usimwambie "inchi na robo, na skrubu ya 42" ukaishia hapo. Mwandikie: 42 kwa 0.75, urefu wa meno milimita 4 au 5, na pua ya kipenyo cha milimita 31.7. Mpelekee na ringi yenyewe ajaribishie hapohapo. Mwambie pia apake ndani rangi nyeusi isiyong'aa, kwa sababu alumini tupu inarudisha mwanga na kukuachia duara la ukungu katikati ya picha.

Pua zina saizi mbili: inchi 1.25, ambayo ni milimita 31.75, na inchi 2, ambayo ni milimita 50.8. Ile ndogo kwa ndani inabaki na uwazi wa milimita 27 au 28. Sensa ya kamera nyingi za kawaida, ile ya milimita 22 kwa 15 hivi, ina mshazari wa milimita 27, kwa hiyo inapita kwa shida na pembe zinaingia giza kidogo. Sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 ina mshazari wa 43. Hiyo usiifunge kwenye pua ndogo. Mrija wako ukikubali inchi 2, tumia inchi 2. Si upana wa mwanga tu: kamera ya DSLR (ile yenye kioo ndani) na betri yake ina uzito wa karibu nusu kilo, na pua ndogo iliyoshikwa na skrubu moja huinama, ukaona nyota za upande mmoja wa picha ni kali na za upande wa pili zimevimba.

Kipimo cha karatasi

Hiki ndicho kipimo tunachoshauri kila mtu afanye kabla ya kuagiza chochote. Subiri Mwezi uwe juu. Toa lenzi ya jicho, elekeza darubini kwenye Mwezi, kisha zungusha kirungu mpaka mrija wa fokasi uingie ndani kabisa. Shika karatasi nyembamba nyuma ya mrija, ile ya kuokea mikate inafaa sana kwa kuwa mwanga unaipenya, na isogeze mbele na nyuma taratibu. Utauona Mwezi mdogo ukijichora juu ya karatasi. Mahali unapokuwa mkali, ukiona hata madoa yake, ndipo mwanga unapokutana. Mwenzako apime kwa rula kutoka ukingo wa mrija hadi kwenye karatasi.

Ukipata milimita 60 au zaidi, nunua ringi na pua bila wasiwasi. Zile 5 zilizozidi zinameza ukingo wa pua unaokaa juu ya mrija. Ukipata chini ya 55, kamera haitafika. Tuseme umepata 30. Unapungukiwa na milimita 25, ongeza na unene wa ukingo wa pua. Sasa unajua ukubwa wa tatizo kwa namba, na unaweza kuchagua dawa.

Dawa ya kwanza na rahisi kuliko zote ni lenzi ya Barlow. Inaingia kwenye mrija kabla ya kamera na kusukuma makutano ya mwanga nje. Tafuta ile ambayo juu yake ina meno ya T, ili ringi ya kamera ifungwe moja kwa moja bila pua nyingine. Barlow ya mara 2 inageuza darubini yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo kikuu hadi makutano ya mwanga) wa milimita 650 kuwa ya 1300, na mara nyingi huzidi kidogo kwa sababu sensa inakaa mbali kuliko lenzi ya jicho. Kwa Mwezi hiyo ni faida tupu. Picha ya Mwezi kwenye sensa ina kipenyo cha karibu sehemu moja ya 110 ya urefu wa fokasi. Kwa milimita 650 ni milimita 6 tu. Kwa 1300 ni karibu 12, na inaenea vizuri ndani ya sensa yenye kimo cha milimita 15. Hasara inakuja kwenye nebula, yale mawingu ya gesi angani, na makundi ya nyota: mwanga unasambaa juu ya eneo mara nne, na muda wa kuacha shata wazi unazidi mara nne vilevile.

Dawa ya pili ni kukipandisha kioo kikuu ndani ya bomba. Unatoa kitako cha darubini, unatoboa mashimo mapya ya kitako hicho milimita 25 juu zaidi kwenye bomba, au unabadilisha boliti na springi za kioo kwa ndefu zaidi. Kwa ongezeko kubwa boliti ndefu si nzuri. Kioo kinatikisika kila ukigeuza darubini na kupoteza mpangilio. Kabla ya kutoboa chochote toa kioo, kifunge kwa kitambaa safi, kiweke chumba kingine. Chembe za chuma zikikwaruza kioo hakuna dawa.

Kioo kikisogea mbele, kile kidogo cha mshazari kinapokea mwanga uliopanuka zaidi. Kwa darubini ya f/5, yaani yenye urefu wa fokasi mara 5 ya kipenyo cha kioo chake, gawanya kwa 5 umbali kutoka kioo kidogo hadi makutano ya mwanga. Ulikuwa milimita 150, mwanga ulikuwa na upana wa 30. Sasa ni 175, upana ni 35. Kioo kidogo chenye upana wa 36 kimebaki bila akiba, na pembe za picha zitafifia. Ndiyo maana usisogeze zaidi ya ulichopima. Na ukirudi kutazama kwa macho utahitaji bomba la nyongeza la urefu uleule, kwa kuwa lenzi ya jicho sasa iko karibu mno.

Darubini za lenzi zina shida iliyo kinyume. Zimetengenezwa zikitegemea kile kioo cha kona unachokaa nacho kutazama, ambacho humeza njia ya mwanga ya milimita 70 hivi kwa saizi ya inchi 1.25 na zaidi ya 100 kwa inchi 2. Ukikitoa na kufunga kamera, sensa inakuwa karibu mno na mrija unatoka wote bila kufika. Hapo unahitaji bomba la nyongeza tu. Usiiache kona na kufunga kamera juu yake. Uzito huo utaizungusha. Darubini fupi zenye kioo kikuu kinachosogea kwa ndani, zile za Schmidt-Cassegrain, zina nafasi kubwa ya fokasi na hazisumbui, ila ukiongeza lenzi ya kupunguza ya f/6.3 kipimo chake ni milimita 105 kutoka nyuma yake hadi kwenye sensa. Lenzi nyingi za kunyoosha pembe za picha, kwa darubini za lenzi na za Newton, zimepangwa kwa zile 55 zetu.

Simu iko nje ya hesabu hii yote. Inapiga kupitia lenzi ya jicho, kwa hiyo inahitaji kishikio kinachoibana katikati kabisa, lenzi ya jicho ya milimita 20 hadi 25, na kipima muda cha sekunde 3 ili kidole kisitikise. Kwa Mwezi na kwa miezi ya Mshtarii (sayari ya Jupita) inatosha. Anayeanza asione haya kuanza nayo.

Kuifanya kamera ikubali

Kamera isiyo na lenzi haioni kitu cha kuzungumza nacho. Weka kwenye M, hali ya kupanga kila kitu kwa mkono. Nikon ndogo hazipigi katika hali nyingine yoyote bila lenzi. Sony na nyingi zisizo na kioo zina mpangilio ndani ya menyu unaoruhusu shata bila lenzi, na lazima uuwashe. Washa picha hai ya skrini, kuza mara 10, elekeza kwenye nyota angavu. Kwa f/5, nafasi ambamo nyota inabaki kali ni kama milimita 0.07 tu. Usitegemee jicho. Kata barakoa ya Bahtinov, kifuniko cha mbele ya darubini chenye mipasuo ya mistari, kwenye manila ngumu: inachora mistari mitatu kwenye nyota, na fokasi iko sawa pale mstari wa kati unapokuwa katikati kabisa ya ile miwili. Kaza skrubu ya kufunga mrija, kisha angalia tena, kwa sababu kukaza kwenyewe huvuta mrija. Nakuru, mita 1,850 juu ya bahari, joto linashuka upesi baada ya jua kuzama na bomba la chuma linasinyaa nalo. Rudia fokasi kila saa.

Kwa Mwezi mpevu kwenye f/5 anza na ISO 100 (ISO ni wepesi wa sensa kwa mwanga) na 1/500 ya sekunde. Mwezi wa nusu unahitaji muda wa mara nne au tano ya huo. Sayari usizipige picha moja moja. Mshtarii kwenye darubini ya milimita 650 na sensa ya pikseli za maikromita 3.7 una upana wa pikseli 38 tu. Weka Barlow, rekodi video ya dakika moja au mbili, na uiache programu ya AutoStakkert ichague fremu zilizotulia na kuzipanga pamoja.

Faida ya kuwa juu ya ikweta

Kisumu iko digrii 0 na dakika 6 kusini mwa ikweta, Nakuru digrii 0 na dakika 18. Mstari wenyewe unapita Maseno na Mogotio. Kwa mpiga picha za nyota hilo ni tatizo na ni baraka.

Bila mota, nyota hukimbia sekunde 15 za pembe (sekunde ya pembe ni sehemu moja ya 3600 ya digrii) kila sekunde moja. Kwa darubini yetu ya milimita 650 hizo ni pikseli 13. Kwa hiyo kitu chochote hafifu kinahitaji stendi inayofuata nyota. Stendi ya ikweta inataka mhimili wake uelekee ncha ya anga, na kwetu ncha zote mbili zimelala kwenye upeo, nyuma ya nyumba, miti na ukungu. Nyota ya Kaskazini haikusaidii. Stendi nyingi za bei nafuu skrubu yao ya latitudo haishuki hadi sifuri. Zinazoshuka, uzito wa kusawazisha huning'inia chini na kugonga mguu wa stendi. Fupisha mguu unaoelekea ncha ili kupata digrii zilizobaki, na ongeza nguzo fupi chini ya kichwa cha stendi ili uzito upite. Uko huru kuelekeza mhimili kaskazini au kusini, popote palipo wazi, mradi swichi ya mota, N au S, ifuate uamuzi wako. Ukiikosea, nyota zitakimbia mara mbili ya kasi ya kawaida badala ya kusimama. Kupanga mhimili bila kuiona ncha kunawezekana: programu ya N.I.N.A. ina njia ya kupima kwa pointi tatu popote angani, na njia ya zamani ya kutazama nyota ikihama taratibu bado inafanya kazi, ila inataka subira.

Baraka iko kwa wenye stendi ya kawaida yenye mota, ile inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia. Vitabu vingi vinasema stendi hiyo haifai kwa picha za muda mrefu kwa sababu anga huzunguka ndani ya fremu. Kwa Ulaya ni kweli karibu kila upande. Kwetu, nyota inayochomoza mashariki hasa inapanda wima kama lifti, na mzunguko huo karibu haupo. Nebula ya Orioni iko digrii 5 tu kusini mwa ikweta ya anga. Katikati ya Januari, saa mbili usiku, iko karibu digrii 50 juu upande wa mashariki, na mzunguko wake ni kama digrii 3.4 kwa saa. Katika picha ya sekunde 30 hiyo ni chini ya pikseli 2 pembeni kabisa mwa picha ya pikseli 6000 kwa 4000. Ipige hapo, ISO 800 au 1600, faili ghafi, picha 60 au zaidi, uzipange kwa programu ya Siril au DeepSkyStacker. Ikipita digrii 60 kwenda juu, acha. Inapovuka utosini mzunguko unafika digrii 160 kwa saa na kila picha itaharibika. Isubiri ishuke magharibi, uendelee.

Januari na Februari pia ndiyo miezi mikavu zaidi, kati ya mvua za vuli na za masika. Karibu na Ziwa Victoria, usiku usio na mwezi, ambao ndio unaoutaka, ndio pia wavuvi wa omena wanaotoka na taa zao. Kwa hiyo ukiwa Asembo au Seme elekeza kamera mbali na maji, na epuka kupiga chini ya digrii 20. Tumia taa nyekundu hafifu. Nyeupe inawaita wadudu wa ziwa, na mdudu mmoja akiingia kwenye bomba lililo wazi anaacha doa juu ya kioo. Umande nao ni mwingi. Kwa darubini ya Newton, kola ya manila nyeusi mbele ya bomba, yenye urefu wa mara moja na nusu ya kipenyo, inachelewesha umande usifike kwenye kioo kidogo.

Tarehe 2 Agosti 2027 Jua litapatwa, na Kenya itaona sehemu ya tukio hilo. Mpangilio uleule wa ringi na pua ndio utakaotumika, na picha za milimita 650 zitaingiza Jua lote kwenye fremu. Kichujio cha Jua, karatasi maalumu yenye kiwango cha 5 cha kuzuia mwanga, lazima kikae mbele ya darubini, kikiwa kimefungwa kwa tepu pande zote, kabla bomba halijaelekezwa juu. Kile kidogo cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho kitupe. Kinapasuka kwa joto. Darubini ndogo ya kutafutia ifunike au uitoe kabisa. Kwa f/5 anza na ISO 100 na 1/1000 ya sekunde, na fokasi uitafute kwenye madoa ya Jua, au ukingo wake kama madoa hayapo.